Mjomba na Mkewe Ndani ya Kabati la Waya

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo! Mbao thelathini na mbili leo kutoka lorini hadi ndani, mimi na Miwani tu. Miwani ni mwenzangu wa kubeba. Anaitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake, ambayo huivua kila anapotaka kusoma. Nimeuliza mara nyingi kwa nini. Huivaa tena, anainua ubao.

Habari kubwa. Baada ya chai Bosi katuita pembeni mwa ile mashine ya kuchonga. Imelala tangu Mzee aliyekuwa akiiendesha astaafu, maana wiki hiyohiyo kompyuta yake ilitoa moshi, kana kwamba imeamua kustaafu naye. Sote tulijua inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kumbe haiendi. Bosi anasema chuma ni kizima, akili ndiyo imezeeka. Kesho anakuja fundi kung'oa mitambo yote ya umeme ya zamani na kuweka mipya. Jumamosi mashine ichonge kibao cha kinyozi wa mtaa wa nyuma, maneno mawili: KINYOZI SAFI. Na mmoja wetu ndiye ataiendesha kuanzia hapo. Atakayekuwa ameielewa zaidi. Mwingine aendelee na mbao.

Nieleze uzito wa jambo hili. Mwendesha mashine hukaa. Miaka saba nimepita mbele ya Mzee yule na ubao begani, naye amekaa, anatazama kisu kinavyokwenda chenyewe, anakunywa maji. Sijawahi kumwona akishika kiuno.

Kisha kuna mama watoto. Nilimwambia kwa simu tangu mwezi jana kwamba kazi hiyo nimeshapewa. Ilinitoka tu. Alikuwa akimsifu mume wa jirani. Sasa mtaa mzima kule nyumbani wanajua kwamba baba watoto anaendesha mashine. Leo kapiga, kauliza kama kweli nafanya kazi nikiwa nimekaa. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeegemea ukuta.

Lazima niipate. Miwani atakoma.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amefika. Mwanamke, mfupi, begi kubwa kuliko yeye. Bosi alikaa dakika nzima akichungulia nyuma yake kumtafuta fundi mwenyewe. Fundi hasemi mpaka aulizwe. Bahati yake mbaya, mimi nauliza.

Kafungua kabati la chuma lililo ubavuni mwa mashine. Waya kama matumbo! Nikauliza mashine inajuaje ifike wapi. Ina jicho? Akasema haioni chochote, inahesabu tu. Mota zake hazizunguki ovyo kama za feni, zinapiga hatua. Hatua mia mbili, mzunguko mmoja. Ikiambiwa hatua elfu, inapiga elfu, inasimama. Nikauliza ikizuiwa njiani je? Akasema itaendelea kuhesabu na kuamini imefika.

Nimeshinda na maneno hayo kichwani. Kipofu anayehesabu hatua, na bado anachonga maua! Jioni nimehesabu zangu kutoka karakana hadi chumbani kwangu. 1,940.

Sasa mpango. Mota ni tatu: ya kulia na kushoto, ya mbele na nyuma, ya juu na chini. Kila moja ina waya nne, na Fundi anasema nne hizo ni ndoa mbili. Ukichanganya mume wa huku na mke wa kule, mota itatetemeka palepale isiende popote. Ukimweka mke mahali pa mume katika ndoa moja, mota itakwenda, ila kinyume. Nikamwambia kwetu pia ni hivyo. Hakucheka.

Waya zote kumi na mbili ni nyeusi. Ndiyo maana, kabla ya kuzitoa, kila moja lazima ipachikwe kikaratasi. Kanipa vikaratasi vyenye gundi, kaniambia niandike namba, akaenda dukani kutafuta viunganishi. Mimi nikaandika ukoo wangu. Mjomba na Mkazamjomba. Baba Mkwe na Mama Mkwe. Babu na Bibi. Shangazi na mumewe. Kaka na Shemeji. Baba Mkubwa na Mama Mkubwa. Ndoa sita, kamili kama zimeagizwa. Nani hapa atawajua watu wangu, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani? Mimi peke yangu. Hata Bosi akitaka kunitupa nje, atamuuliza nani Shangazi anaingia wapi?

Fundi aliporudi alisoma kikaratasi kimoja kimoja. Akauliza Mama Mkwe ni nani. Nikaeleza. Akanitaka nitaje wote na mahali pao bila kutazama. Nikataja mara tatu, sikukosea. Miwani alikuwa ameshika tochi, mdomo wazi. Raha iliyoje!

Halafu Fundi akatoa daftari, akaandika yote. Mjomba, moja. Mkazamjomba, mbili. Mpaka kumi na mbili.

Mpango uliishi dakika ishirini.

Jumatano, 6 Machi

Bodi mpya, ndiyo akili ya mashine, imefunguliwa. Ndogo kama kipande cha sabuni! Bodi ya zamani tuliibeba wawili. Nikamuuliza Fundi akili nyingine iko wapi. Akasema ndiyo hiyo yote, na nafasi inabaki. Niliomba kuishika. Haina uzito hata kidogo. Miaka saba nimebeba mbao, na hata moja haijui kazi kama kitu kile.

Miwani ananiudhi. Amejifunza ukoo wangu wote. Asubuhi alinisalimia, kisha akauliza Babu na Bibi hawajambo, Baba Mkubwa mguu unaendeleaje. Mbele ya Bosi. Bosi akamwambia, "Wewe una kumbukumbu nzuri." Kumbukumbu! Watu ni wangu!

Saa ya chakula nimechukua hatua. Ilikuwa imepangwa kwamba mchana Miwani aunganishe mota ya kulia na kushoto, Fundi akishughulika na programu. Karakana ikiwa tupu nikabandua kikaratasi cha Mjomba, wa mota hiyohiyo, nikakiweka kwa mkewe, na cha mkewe kwa Mjomba. Basi. Mota ikienda kinyume, Bosi ataona nani ana kumbukumbu.

Nikarudi kula. Chakula kilikuwa kitamu ajabu.

Saa nane lori likaja. Fundi akamtuma Miwani apokee mbao, akanigeukia mimi: unganisha wewe. Mimi! Nilijivunia utulivu wangu. Nilikumbuka vizuri kwamba vikaratasi vile viwili vinadanganya. Kwa hiyo nikamwunganisha Mjomba kama mkewe, na mkewe kama Mjomba, ili kila mtu arudi mahali pake. Kazi safi. Nimelala fofofo kitini mwa Mzee dakika kumi, kujizoeza.

Alhamisi, 7 Machi

Tumewasha. Hakuna moshi. Bosi alipiga makofi peke yake.

Mota ya juu na chini, sawa. Ya mbele na nyuma, sawa. Fundi akabonyeza kulia. Mashine ikaenda kushoto.

Haiwezekani! Nilirekebisha mwenyewe! Ndipo Miwani akaninong'oneza, akicheka puani, kwamba jana baada ya chakula alikuta Mjomba ana alama ya grisi ambayo asubuhi ilikuwa kwa mkewe. Akajua kuna mkono wa mtu. Akavirudisha vikaratasi mahali pake.

Yaani mimi nilivigeuza. Yeye akavinyoosha. Halafu mimi nikaunganisha kinyume cha vikaratasi vilivyokuwa vinasema kweli. Kwa nini mtu asiache kitu kama alivyokikuta?

Fundi hakushtuka hata kidogo. Alisema hutokea. Hakugusa waya. Alifungua kompyuta yake, kuna kijisanduku kimoja kwenye skrini, akatia alama ya vema. Akabonyeza kulia. Ikaenda kulia! Nikamuuliza kwa hiyo mota bado imefungwa kinyume? Akasema ndiyo, ila sasa bodi nayo inafikiri kinyume, na vinyume viwili vinafutana. Waya ziachwe hivyohivyo, asiziguse mtu.

Nimemuuliza pia swali langu. Kutoka kazini kwenda chumbani ni hatua 1,940. Asubuhi kuja kazini ni 1,887. Njia ni ileile. Hamsini na tatu zinakwenda wapi? Alifikiri kidogo, akasema mtu aliyechoka hatua zake ni fupi. Sijui kwa nini nilitaka kulia. Nilikwenda kufagia.

Kesho hayupo, ana kazi mahali pengine. Atakuja Jumamosi kushuhudia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefikiri sana. Daftari la Fundi linasema Mjomba ni moja na mkewe ni mbili. Ndani ya kabati Mjomba ni mbili. Siku atakayolinganisha, ataniuliza. Nitasema nini? Kwamba nilitaka kumwangusha mwenzangu nikajiangusha mwenyewe? Kazi itakwenda kwa Miwani palepale.

Heri kuondoa ushahidi.

Saa ya chakula nimefungua kabati, nimechukua bisibisi, nimemrudisha Mjomba kwenye moja na mkewe kwenye mbili. Kila mtu nyumbani kwake, kama daftari linavyosema. Nilipofunga tu nikagundua feni ya ukutani haizunguki. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na haukurudi mpaka tulipotoka. Kwa hiyo sikuweza kujaribu. Lakini kuna haja gani ya kujaribu kitu kilicho sawa?

Mama watoto kapiga. Anauliza mashine inafananaje. Nikamweleza habari za hatua mia mbili, na ndoa za waya, na kipofu anayechonga maua. Nilizungumza mpaka salio lake likaisha. Alipopiga tena alisema, "Baba watoto, leo ndiyo mara ya kwanza nakuamini."

Jumamosi, 9 Machi

Niandike kwa utaratibu. Kichwa kimejaa.

Bosi alinipa mimi nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye niliyeutaja ukoo bila kukosea. Fundi alikuwa amechelewa. Bosi akasema tuanze, kinyozi anakuja saa tano. Kibao cha mninga, kikavu, kizuri. Maneno yako ndani ya flash, Fundi aliyaandaa. Kidude cha kuendeshea kinashikwa mkononi, kina vitufe na mishale. Kazi yangu ni kupeleka kisu katikati ya kibao na kubonyeza kitufe cha kijani.

Nikabonyeza mshale wa kulia. Mashine ikaenda kushoto.

Sikuogopa. Nilifikiri. Kulia kwa nani? Fundi Alhamisi alikuwa amesimama upande ule wa dirisha, mimi nimesimama upande huu wa mlango. Bila shaka kulia kwake ni kushoto kwangu. Nikazunguka nikasimama upande wa dirisha. Sasa kulia kukawa kulia, lakini mshale wa mbele ukawa unarudisha nyuma. Nikajaribu kusimama kichwani mwa mashine. Huko hakuna kilichokuwa kulia wala kushoto. Nilivutiwa sana. Ningeendelea, lakini Bosi akauliza nacheza ngoma gani. Nikarudi mlangoni, nikapeleka kisu katikati kwa kukisia, nikabonyeza kijani.

Ikachonga! Sauti yake tamu, kama nyuki wengi wenye nidhamu. Vumbi laini. Miwani alisogea, akavua miwani, akasoma. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Herufi zote zilikuwa zimetugeuzia mgongo. K inatazama nyuma, Z inatazama nyuma, na neno linaanzia kulia. Ndipo nikaelewa. Ndani ya bodi kile kijisanduku bado kina alama ya vema! Bodi ilikuwa ikifikiri kinyume kwa ajili ya waya zilizofungwa kinyume. Nami waya nimezinyoosha. Kinyume kimebaki kimoja, hakina wa kukifuta.

Bosi alikitazama kibao, akakiweka kando. Bora angetukana. Akamwambia Miwani aandae kibao kingine. Nikaona mbao zangu zote za miaka ijayo zimepangwa mstari, zinanisubiri.

Kinyozi akaingia. Mtu mnene, mpole, anatembea kama ana mteja mkononi. Fundi akaingia nyuma yake. Kinyozi akainua kibao chake, akakitazama, akakunja uso. Akageuka nacho kukipeleka kwenye mwanga. Hapo palikuwa na kabati la nguo la mteja mwingine, limekamilika jana, na kioo chake kirefu. Akasimama. Akakitazama kioo. Akasoma kwa sauti, taratibu, "Kinyozi safi."

Akasema ana miaka ishirini kwenye kazi. Wateja wake wote wanakaa wakitazama kioo. Kila alichowahi kutundika ukutani nyuma yao wanakiona kimegeuka, na kila mmoja lazima amtanie. Hakuna mchora vibao hata mmoja aliyewahi kulifikiria hilo. Anataka na kibao cha bei. Kigeuzwe vilevile. Na ana ndugu zake wawili ambao nao ni vinyozi. Akauliza wazo hili ni la nani.

Nikasema ni langu. Mdomo ulijifungua wenyewe.

Miwani akaruka kutoka sakafuni akasema ni lake! Nikamwuliza lake kivipi. Akasema yeye ndiye aliyevirudisha vikaratasi, asingevirudisha kisingetokea kitu. Nikasema mimi ndiye niliyevibadilisha kwanza, saa ya chakula, kwa mkono wangu huu! Akasema ulinibadilishia ili mimi nikosee! Nikasema ndiyo, halafu jana nikafungua kabati nikageuza waya zenyewe, wewe ulifanya lipi la maana kama hilo?

Nikasikia nilichokuwa nimekisema.

Fundi aliuliza swali moja tu: nilipozitoa waya, umeme ulikuwa umezimwa? Nikasema ulikuwa umekatika. Akauliza, ulizima swichi? Nikasema sikuizima. Akamgeukia Bosi akamweleza polepole kwamba waya ya mota ikichomolewa umeme ukiwamo, bodi inakufa papo hapo, haitengenezeki. Bosi akaketi juu ya ndoo ya gundi.

Anasema tutaongea Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Sijatoka. Nimepima chumba. Kitanda hadi mlango, hatua nne. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho: nne, na kidole cha mguu kwenye mlango. Mashine inafanyaje bila maumivu?

Simu imeita mara mbili. Sikupokea. Atauliza vipi kazini, na leo sina uongo wowote uliopikwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeipata! Nimeipata! Nimeipata!

Bosi alitaka kunifukuza, kaniambia wazi. Fundi ndiye aliyenitetea. Alisema katika kazi zake zote amekutana na watu wengi wanaouliza mashine itamaliza saa ngapi, na mmoja tu aliyeuliza inajuaje. Tena alisema mtu aliyekwisha kuikosea mashine kwa njia zote hizo hana nyingine mpya iliyobaki. Akaondoa ile alama ya vema, akafunga kabati kwa kufuli, ufunguo akatia mfukoni mwake. Vibao vya kinyozi, akitaka kinyume, atavigeuza yeye kwenye kompyuta kabla ya kuvileta, kama watu wenye akili wafanyavyo.

Basi mwendesha mashine ni mimi. Nilichonga cha bei asubuhi hiyohiyo. Nilimpigia mama watoto nikiwa palepale, nikamsikilizisha sauti ya mashine. Aliita majirani. Kwa mara ya kwanza nilimwambia naendesha mashine na ilikuwa kweli.

Jumanne, 12 Machi

Mgongo.

Mambo ambayo hakuna aliyenieleza. Moja: Mzee alikaa kwa sababu ya kompyuta yake. Ilikuwa mezani, ilihitaji kutazamwa, na meza ilihitaji kiti. Kompyuta imeondoka, meza imeondoka, kiti kimeondoka navyo. Kidude kipya kinashikwa mkononi, na mwenye nacho anatembea na mashine mwanzo mwisho akikitazama kisu. Leo nimepiga hatua 6,212. Mbili: mbao zilizokuwa za watu wawili sasa ni za mmoja. Mashine ikichonga nabeba, ikimaliza naiwekea nyingine.

Maana Miwani amehamishiwa ofisini! Ndugu wa kinyozi wamesambaza habari, simu zinaingia mfululizo, na Bosi anasema Miwani ana kumbukumbu nzuri na anajua kusalimia watu. Ana kiti cha magurudumu. Nilipita na ubao begani nikamkuta anajizungusha. Akaniuliza Shangazi hajambo.

Nimekuwa nikifikiri. Yuko kule kwa ajili ya simu tu. Simu ikinyamaza siku mbili tatu, ana kazi gani tena ofisini? Atarudi kwenye mbao, na mimi, ambaye sasa ninafahamika kwa mambo ya umeme, nitaitwa niitazame. Nitaitengeneza mbele ya Bosi. Naye ataona nani anafaa kukaa pale.

Wakati wa chai nilichungulia nyuma ya meza yake. Kijisanduku cha simu ukutani hakina kufuli. Kina skrubu moja, na ndani yake waya mbili. Mbili tu! Hapo mtu atakosea wapi?